Tini za Madamu

Msimu wa tini ulipofika, hukuweza kupita mbele ya nyumba ya Madamu pale Kigera ukaenda zako. Ua wake ulikuwa wa manyara, na katikati ya ua palikuwa na mwanya mmoja ambao kupitia huo aliona kila kiatu kilichokanyaga njia ya mtaa wetu.

"We! We mwenye kandambili! Njoo kwanza hapa."

Ukienda, unaamriwa ufumbe macho na ufungue mdomo. Kinaingia kitu laini, cha uvuguvugu wa jua, chenye punje ndogondogo zinazolia chini ya meno kama mchanga mtamu.

"Haya, niambie, ni ya rangi gani hiyo?"

Mtu anatafuna, anameza, anasema, "Nyeusi."

"Umejuaje?"

"Ni tamu sana, Madamu."

Hapo alijipiga kofi la paja, akacheka mpaka waliokuwa kwenye foleni ya bomba la maji wakageuka. "Fumbua macho, uone!" Kipande kilichobaki mkononi mwake kilikuwa cha kijani. Kijani kabisa, kama jani la maharage. Mtu anabaki ametoa macho, na Madamu anamshika bega na kumtikisa kwa furaha, kana kwamba wamegundua jambo hilo pamoja, na kana kwamba hakumfanyia mchezo uleule mtu mwingine asubuhi ileile.

Alifundisha Sayansikimu katika shule moja ya msingi mjini Musoma: mapishi, ushonaji, usafi wa nyumba, namna ya kumwogesha mtoto mchanga kwa kutumia mwanasesere wa matambara. Kila mtu alimwita Madamu. Wanafunzi, wazazi wao, wauza dagaa, hata padri. Mimi nilikuwa binti wa nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta, na nilipomaliza shule na kuwa mpigachapa serikalini niliendelea kukaa palepale kwa wazazi wangu hadi nilipoolewa. Kwa hiyo nilimwona alipoamka na alipochoka, na bado siwezi kumfikiria akiwa ametulia.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mitini mitatu. Vijiti vyake aliviomba kwenye bustani ya masista wa misheni, akavifunga ndani ya gunia bichi, akarudi navyo akiwa amevipakata kama mtoto mgonjwa. Mmoja ulizaa tini nyeusi zenye unga mwepesi juu ya ngozi, huo ulisimama karibu na bafu. Wa pili ulizaa za kijani. Wa tatu, mdogo, ulizaa za kahawia, chache.

Watu hawakuzitaka mwanzoni. Kwetu Mara kila mtu anajua makuyu, matunda ya mkuyu wa porini. Ukiyapasua unakuta vijidudu vinakimbia ndani. Wakadhani tini ni makuyu yaliyosomeshwa. "Madamu anakulaga wadudu," watoto walisema. Yeye hakukasirika. Alitoka na sinia barabarani, akasimama, akapasua tini moja baada ya nyingine mbele ya akina mama waliorudi sokoni. "Mdudu yuko wapi? Nionyesheni! Mama, leta jicho lako hapa karibu." Wakaleta macho, na baada ya macho wakaleta midomo.

Hapo ndipo lilipozaliwa somo lake kubwa, ambalo sidhani lilikuwa kwenye muhtasari wowote wa shule. Alikuwa akisema kwamba tini ina rangi mbili, ya ngozi na ya nyama, na watu wanasoma ile wasiyopaswa kusoma. "Ngozi ni sare ya shule," alituambia. "Utamjua mtoto kwa sare yake?" Tini ya kijani, ukiipasua, ndani ni nyekundu kama jeraha jipya, na utamu wake ni wa asali tupu, unapanda moja kwa moja. Nyeusi, alisema, ina uchachu ndani yake, inafanana na zambarau na forosadi. Nzuri, lakini ina maneno mengi. Na wala usichume kwa kuangalia rangi. Shika shingo. Kama shingo bado ngumu, iache. Ikilegea, tunda likainamisha kichwa, ngozi ikapasuka mistari myembamba, na kwenye lile tundu la chini ukaona tone linang'aa, hapo hata ukiwa kanisani utoke uje ule.

Na alitoka kweli. Nilikuwa kwaya pamoja naye, yeye sauti ya pili, mimi ya kwanza, na Jumapili moja wakati wa mahubiri alinigusa kiwiko akaninong'oneza, "Ile ya juu, upande wa jua. Jana jioni ilikuwa imelegea. Ndege wataniwahi." Tulipoinuka kuimba, nafasi yake ilikuwa wazi.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Darasani alipima kucha za watoto kwa rula na kumrudisha nyumbani aliyekuja na shingo chafu, lakini tini alizila mtini palepale, bila kuosha, akipuliza sisimizi kwa pumzi tu. Aliwafundisha wasichana kuongea kwa sauti ya chini, na yeye mwenyewe alisikika kutoka ziwani. Chai alikunywa bila kitu, chungu, tangu kabla sukari haijaadimika. Ukimtilia sukari alikunja uso. Nikamuuliza siku moja inakuwaje mtu anayekimbizana na utamu maisha yake yote hanywi chai tamu.

"Kwa sababu sukari haina mahali pa kwenda," alisema. "Ni tamu, halafu basi. Tini inakuambia imekulia wapi."

Alikuwa na hasira za haraka pia. Aliwahi kunisusia kwa wiki kadhaa kwa sababu nilimwambia mgeni wake kwamba tini zote ni sawa. Nilikuwa nimesema ili mazungumzo yaishe. Alinipita kisimani, kanisani, dukani, kana kwamba mimi ni mti. Halafu asubuhi moja akaingia jikoni kwetu bila hodi, akaweka bakuli mezani, akasema, "Kula hizi mbili, uniambie tena kwamba ni sawa." Nikala. Hazikuwa sawa. Akanikumbatia, mambo yakaisha.

Lakini lililomfanya awe Madamu wetu, na si jirani mwenye miti tu, ni siku ya harusi yangu.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, ambayo sabuni ilikatwa vipande kwa kisu na watu walipanga mawe dukani kushika nafasi zao. Sukari ilitoka kwa kibali. Baba yangu, mvuvi, aliandika maombi mapema, akaahidiwa, akaambiwa asubiri, akasubiri. Samaki tulikuwa nao, sato wakubwa. Mahindi na ulezi tulikuwa nao. Lakini wakwe walikuwa wanatoka Bunda, watu wazima na mashemeji na mashangazi, na kwetu wageni wa harusi hupokelewa kwa chai ya maziwa na kitafunwa kabla ya neno lolote. Siku tatu kabla ya sherehe tukaambiwa sukari haitakuja.

Mama yangu alikaa chini akafunika uso kwa kanga. "Watatoka Bunda yote hiyo waje wanywe chai chungu kwangu? Huyu binti atasemwa mpaka azeeke."

Madamu alisikia kupitia ukutani. Sikumwona akija; nilimwona tu akiwa tayari katikati ya chumba, mikono kiunoni, macho yanawaka.

"Nani kafa?"

"Sukari imekosekana, Madamu," nikasema.

"Ndiyo nauliza, nani kafa? Mama, inuka. Utamu ninao nyuma ya nyumba, mpaka unadondoka chini."

Mama akafuta macho. "Basi tuchume zile nyeusi. Ndizo zinaonekana tamu."

"Nyeusi hapana! Zina uchachu, ukizitia kwenye maziwa yatakatika, tuwape wakwe mtindi wa moto. Chai ni ya kijani. Nyeusi tutaziweka kwenye keki ya ulezi. Humo uchachu ni mzuri, na unga wenyewe ni mweusi, hakuna atakayeuliza rangi."

Nikamwona akifurahi. Sisi tulikuwa tumefiwa na sukari, na yeye alikuwa kama mtu aliyesubiri kuitwa. Tulichuma mpaka vidole vikawasha kwa utomvu. Akachemsha zile za kijani kwenye sufuria kubwa ya shule, akazikamua kwenye kitambaa safi, akachemsha tena maji yake polepole mpaka yakawa mazito, ya rangi ya dhahabu, yanayovutika kutoka kwenye mwiko kama uzi. Keki alioka kwenye sufuria yenye makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mtaa mzima ulinukia. Watu waliokuwa hawajaona sukari kwa muda mrefu walisimama njiani wakinusa.

Harufu hiyo ndiyo iliyotaka kutuponza. Asubuhi ya harusi nimekaa kwenye mkeka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado, nikasikia sauti za wanaume uani. Walikuwa balozi wa nyumba kumi na mgambo wawili vijana. Kuna mtu alikuwa amepeleka habari kwamba nyumbani kwetu kuna sukari ya magendo, gunia zima.

Siku zile hilo halikuwa jambo la kucheka. Mtu alichukuliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Baba alisimama mlangoni akiwa ameshika shati lake jipya mkononi, hajalivaa.

"Mzee, hatutaki ugomvi na wewe," balozi alisema. Alikuwa jirani, alikuwa amealikwa, na uso wake ulionyesha aibu. "Tuonyeshe tu sukari iko wapi."

"Hakuna sukari, ndugu yangu. Naapa."

"Tumenusa wenyewe."

Mgambo wakaingia. Wakainua godoro, wakafungua sanduku langu la nguo, wakachoma gunia la ulezi kwa fimbo kutazama kama kuna kitu chini. Mama alianza kulia bila sauti. Nikawaza: wakwe watafika sasa hivi wakute baba yangu amefungwa.

Ndipo Madamu akatokea jikoni, aproni yake ya shule kifuani, mwiko mkononi unadondoka.

"Mnatafuta sukari? Njooni huku. We mura, weka hiyo fimbo chini, hapa ni jikoni." Mura ni kijana, ndivyo tunavyowaita kwetu. Kijana yule akaweka fimbo chini mara moja. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa amefundishwa naye darasa la nne.

Akawapeleka mpaka kwenye sufuria. Balozi akachovya kidole, akalamba, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Madamu. Hii ni sukari."

"Ni tini."

"Tini gani?"

Akamwekea tunda zima kwenye kiganja. Balozi akaligeuza, akatazama ile ngozi ya kijani. "Hili bichi. Unataka kuniambia tunda bichi ndilo limefanya hivi?"

"Unaliona bichi kwa sababu unaangalia ngozi! Lipasue!"

Akalipasua. Ule wekundu ukafunguka mkononi mwake na mgambo wote wawili wakasogea kuangalia. "Hakuna wadudu?" mmoja akauliza.

"Kula, halafu uniulize."

Wakala. Nilikuwa nimetoka chumbani na kichwa changu cha nusu, siwezi kujizuia, na niliuona uso wa balozi ukibadilika. Kwanza mdomo uliacha kutafuna. Kisha nyusi zikapanda. Yule mura akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, ni tamu kweli," akanyoosha mkono kuchukua lingine, Madamu akampiga kwa mwiko kwenye vidole. "Nawa kwanza!"

Balozi akafuta vidole kwenye suruali. Alikuwa mtu wa kazi yake na aliogopa pia wa juu yake. "Sasa nitasema nini kule?" akauliza. "Wameambiwa gunia."

"Utasema umekaa hapa tangu asubuhi mpaka jioni, umeona kila kilichoingia kwenye chai," Madamu akamjibu. "Kaa. Mleteeni kiti. Kikombe chake kiwe cha kwanza."

Akakaa. Wakwe walipofika walimkuta ameketi uani kama mkuu wa shughuli, kikombe cha pili mkononi, na wakaona ni heshima kubwa kwamba serikali yenyewe imekuja kuwapokea. Chai ikamiminwa. Mama mkwe wangu, mwanamke mkimya, alikunywa, akatazama ndani ya kikombe, akanywa tena. Mama yangu akashika mkono wangu akaubana.

"Chai ya nyumba hii ina kitu," mama mkwe akasema.

"Ni tini, mama," Madamu akasema kutoka nyuma. "Za kijani."

"Basi binti aje na mche wake."

Vigelegele vilivyopigwa nilivisikia kama viko kwenye kifua changu. Nilienda Bunda na kijiti cha mtini kwenye mzigo wangu, na Madamu alikitembeza yeye mwenyewe mpaka kwenye gari, akimpa maagizo mume wangu na si mimi.

Ungedhani baada ya ushindi kama huo mtu angebaki na hoja yake maisha yote. Mimi ndivyo nilivyodhani. Lakini baadaye, wakati maduka yameanza kufunguka, alikuja mtaani bwana shamba kijana aliyetoka chuoni, akapanga chumba nyumba ya pili kutoka kwake. Madamu akamfanyia ule mchezo wa kufumba macho, kama kawaida. Kijana akakosea kama kawaida. Lakini hakuduwaa. Akaenda nyuma ya nyumba, akatazama mti mweusi, akatazama bafu, akatazama maji yaliyokuwa yakitiririka kutoka bafuni kwenda kwenye shina.

"Madamu," akasema, "kwa heshima yako, nadhani hujawahi kula tini nyeusi iliyoiva."

Nilikuwa nimekuja kuwatembelea wazazi, nilikuwepo. Nilidhani atampiga.

Kijana akaeleza taratibu. Tini nyeusi inapata rangi mapema, siku kadhaa kabla haijaiva. Ndege wanaiona, watoto wanaiona, na Madamu mwenyewe anaiona, kwa hiyo anaichuma haraka kabla hajaporwa. Ya kijani haionekani, imejificha kwenye majani, inaachwa mpaka inaiva kabisa. Tena mti mweusi unakunywa maji ya bafu kila siku, tunda linajaa maji. "Unalinganisha aliyemaliza shule na aliyeachia njiani," akasema. "Zuia maji. Funga matunda kwa kitambaa. Hata ikiwa nyeusi, usiguse."

Madamu alimfukuza. Alimwambia arudishe vyeti vyake chuoni. Halafu, kwa kuwa hakuweza kulala na swali, alichimba mfereji kugeuza maji ya bafu, akakata soksi za zamani akavika tini nyeusi moja moja, mti ukaonekana kama umeenda hospitali.

Mama alinisimulia yaliyofuata, na nimeyasikia pia kwa watu wengine, wote wakisimulia wakicheka. Mchana mmoja Madamu alitoka mbio bila viatu, amebeba nusu ya tini, unga wa ugali bado mikononi, akaenda kugonga mlango wa bwana shamba, na alipomkuta hayupo akaingia kwetu.

"Nimefundisha uongo!" akapiga kelele. "Miaka yote hii nimefundisha uongo! Onja!"

Mama akaonja. Ule uchachu ulikuwepo bado lakini chini kabisa, na juu yake utamu mzito, wa giza, kama wa matunda yaliyopikwa na kuachwa yapoe.

"Na ile ya kijani je?" mama akauliza.

"Ya kijani ni vilevile, haijabadilika! Lakini hii! Hii nimeitukana!" Alikuwa anacheka huku machozi yanatoka. Sijui watu wangapi wanaweza kugundua kwamba wamekosea jambo walilolitangaza mtaa mzima na wakafurahi hivyo. Kesho yake aliliambia darasa lake la saba wafute walichoandika. Jumapili, baada ya misa, alisimama kwenye ngazi akawaambia wanakwaya. Na bwana shamba alianza kupelekewa chakula cha jioni mpaka akanenepa.

Sukari iliporudi, ikajaa dukani kwenye magunia wazi, mtu yeyote apimiwe, Madamu alinunua kilo mbili akazibeba juu kwa mikono miwili, akazitembeza barabara yote ya mtaa. Hakuzitumia. Alitaka tu kubeba bila kuulizwa. Mitumba ikaja, soda za rangi zikaja, jamu za kopo zenye picha za matunda ambayo hatujayaona. Watu wakaacha tini. Niliona uchungu kwa ajili yake, yeye hakuona. "Sasa wanaokuja wanakuja kwa sababu wanapenda," alisema, "si kwa sababu ya dhiki."

Alijaribu biashara kidogo. Bunda palikuwa na hoteli mpya iliyopokea wageni wa mbuga, akafika na masanduku yake, akalala kwangu. Mwenye hoteli alitaka nyeusi tu. Za kijani, alisema, wageni wataona ni mbichi. Madamu akaomba kisu na sahani. Akazipasua za kijani, akazipanga zikiwa zimefunguka, ule wekundu juu, nyeusi nzima katikati. Mwenye hoteli akaangalia sahani, akaangalia Madamu, akanunua zote. Msimu mzima ilikwenda vizuri. Msimu uliofuata hoteli ilibadilisha mmiliki, na yule mpya hakutaka matunda ya bustani. Madamu alitikisa mabega, akaenda kuzigawa stendi, kwa makonda na abiria, fumba macho, fungua mdomo.

Alipostaafu alihamia Butiama, kwenye kiwanja cha mlimani, akapanda upya vijiti vya miti yake yote. Tulitumiana salamu kwa watu waliopitia Kiabakari. Halafu nikasikia kwamba ameugua sana, homa iliyomlaza kitandani msimu mzima wa mvua, na kwamba amepona. Mume wangu alipopata safari ya Butiama kwa gari la kazini, nikapanda.

Tulimkuta amekonda, kilemba kimekuwa kikubwa kuliko uso. Lakini sauti ilikuwa ileile. Alitupokea kwa kelele, akamkemea mume wangu kwa kunenepa, akaingia jikoni akatoka na chai. Mume wangu akanywa kwanza. Nikaona anameza kwa taabu na kuweka kikombe chini kwa adabu nyingi mno. Nikaonja changu. Ilikuwa imetiwa chumvi, vijiko na vijiko.

Madamu, ambaye siku hiyo alikuwa amejimiminia kutoka birika lilelile, alikuwa anakunywa chake bila wasiwasi, akitusimulia habari za jirani.

Nilitazamana na mume wangu. Nikasema, "Madamu, umetia chumvi."

Akatazama kikombe chake, akanywa tena fundo moja, polepole, akisikiliza. Kisha akaweka chini.

"Tangu ile homa," akasema. "Ulimi umelala. Na pua. Nakula ugali, nakula samaki, vyote ni kitambaa." Kisha akainuka. "Nimefurahi umekuja. Njoo."

Mume wangu alienda kwenye shughuli yake, akasema atapitia kunichukua. Sisi tukaenda kwenye miti. Ilikuwa midogo bado lakini imebeba. Madamu alitembea kutoka tawi hadi tawi akishika shingo za matunda, na vidole vyake vilikuwa vinajua. Akachuma moja ya kahawia, akaipasua. Ndani ilikuwa na rangi ya chai iliyokolea maziwa, inang'aa. Akanipa nusu, nusu nyingine akabaki nayo mkononi, karibu kabisa na macho.

"Sijawahi kuila hii kutoka udongo huu," akasema. "Imeanza kuzaa nikiwa kitandani. Niambie."

Nikala. Nikasema ilikuwa tamu sana.

"Hilo hata mimi naliona kwa macho. Tamu vipi?"

"Kama muwa. Muwa uliochomwa kidogo kwenye moto."

Akatazama nusu yake. "Hapana. Rangi hii haiwezi kuwa muwa. Rudia."

"Madamu, mimi ndiye ninayekula!"

"Na mimi ndiye ninayezijua! Inaanzia wapi, ncha ya ulimi au nyuma?"

Nikatafuna tena, nikijitahidi kama sijawahi kujitahidi katika mtihani wowote. "Nyuma. Mwanzoni karibu hakuna kitu. Halafu inakuja. Ina kitu kama karanga zilizokaangwa, na mwishoni kabisa..." Nikameza. "Mwishoni kuna kama harufu ya udongo mvua inapoanza kudondoka."

Akafumba macho. Akatia nusu yake mdomoni, akatafuna polepole sana, taya zinakwenda na uso umetulia, akasubiri.

"Hakuna kitu," akasema hatimaye. Kisha akafungua macho na yalikuwa yanawaka. "Lakini karanga, hapo nakuamini. Karanga inaelekea rangi hii. Udongo nakataa."

"Udongo upo!"

"Haupo! Umechanganya na harufu ya shamba. Kula nyingine, fumba pua."

Gari lilipiga honi barabarani. Nikachuma nyingine, nikabana pua, nikala, naye akanisogelea mpaka kilemba chake kikagusa paji la uso wangu, akitazama mdomo wangu unavyotafuna.

"Upo," nikasema.

"Rudia!" akasema, akicheka, na honi ikapigwa tena.